Anayeanza Kitako

Batuli aliisoma ile lebo mara mbili. Ilishonwa ndani ya kikapu chake mwenyewe, kile cha kukunja, imeandikwa kwa nyuzi nyekundu: Ubunifu wa Arafa. Arafa nani? Arafa wifi yake, mke wa kaka yake wa tumbo moja, aliyekuja Kerege hajui hata kupasua ukindu, akafundishwa na yeye Batuli.

Kikapu kile Batuli alikihangaikia Ramadhani mbili. Wageni waliopita Bagamoyo walivipenda vikapu vyake, wakavishika, wakavinusa, kisha wakaviacha kwa kuwa haviingii kwenye begi. Basi akakaa akasuka, akafumua, mpaka akapata kikapu kinacholala bapa kama bahasha, na ukivuta mishikio kinasimama. Akawafundisha wanawake saba wa mtaani bila kinyongo. Na shukrani yake ndiyo hii: wifi mtu akapiga picha, akampelekea Bi Najma, mwenye duka la vitu vya mkono Dar, akajifanya yote yametoka kichwani mwake. Bi Najma akaagiza vikapu mia tatu. Wale saba nao wakahamia uani kwa Arafa, kazi ni kazi.

Kaka yake, Mbaruku, alimsihi ameze tu, udugu usivunjike. Batuli akamjibu kwamba udugu umevunjwa na aliyeshona lebo. Hakwenda kwa mjumbe, hakumtukana mtu. Alikaa akangoja.

Maana kulikuwa na jambo Arafa alilisahau. Kwao, mkubwa wa kazi ndiye anayeanza kitako cha kikapu. Wenzake wanakuta vitako vimeshaanzwa, kila mmoja anachukua chake na kuendelea kupandisha. Ndivyo alivyofanya bibi yake Batuli, ndivyo alivyofanya yeye. Na siri yote ya kukunja imo kwenye kitako, jinsi ile mikanda minne ya kwanza ya ukindu inavyopishana. Arafa aliondoka kwa Batuli na vitako ishirini vilivyobaki, akadhani ameondoka na kazi yenyewe.

Viliisha ndani ya wiki. Alifumua kimoja aone kilivyoanzwa, kikamtawanyikia mapajani. Wakajaribu wote, vikapu vikatoka vimekwenda upande na kukunjika havikunjiki. Siku ya kumi Arafa akaja na sahani ya visheti, sauti imelegea, akaomba aanziwe, mambo yaishe kifamilia. Moyo wa Batuli ulicheka. Akala kisheti kimoja, kitamu kweli, akasema ataanza vyote, ila mbele ya Bi Najma. Arafa, ambaye hakuwa na pa kushika, akakubali.

Bi Najma alifika Jumamosi kukagua mzigo. Arafa akajikaza, akamweleza kwa madaha jinsi wazo lilivyomjia. Batuli akamwacha amalize. Kisha akaweka mikanda minne mkekani, mbele ya Arafa.

"Wifi, anza."

Arafa akasema leo kichwa kinamuuma.

"Kimoja tu. Bi Najma ametoka mbali."

Arafa akailaza mikanda, akaigeuza, akairudia. Ikamponyoka. Wale wanawake saba walitazama chini. Batuli angeweza kumwokoa wakati wowote. Hakutaka. Alitaka dakika zile ziwe ndefu, na aliionja kila moja.

Bi Najma akauliza ni nani basi anayejua kuanza. Wote wakamgeukia Batuli.

Hapo ndipo alipoichukua mikanda. Aliipishanisha bila kuiangalia, macho yake usoni kwa wifi yake, na kitako kikajikunja na kujikunjua mkononi. Bi Najma akatoa simu, akamwomba jina lake kamili. Batuli akalitaja taratibu, mpaka la babu, mtu asije akakosea.

Kisha akamkabidhi Arafa kile kitako, kama anavyokabidhiwa binti siku yake ya kwanza ya kusuka.

"Haya, wifi, pandisha. Ukikosea nitakufumulia."