Boti Iliyonywesha Ng'ombe

Kwa zaidi ya miaka thelathini boti ile haikuona ziwa. Ilikaa katika boma la mzee Gidamis huko Getanuwas, imezama nusu kwenye udongo, ikinywesha ng'ombe. Ndama wa boma lile walikua wakidhani kila hori duniani lina ncha mbele. Ilikuwa ya alumini, urefu wa hatua sita za mtu mzima, na ndani yake ukoko wa magadi na mavi ya ng'ombe ulikuwa umekaza kama saruji.

Aliyeona kwamba bado ni boti alikuwa Michael, mtoto wa marehemu mdogo wake mzee Gidamis. Alikuwa mfugaji wa miaka thelathini na sita. Kiangazi kimoja kilikuwa kimemwulia nusu ya kundi lake, na tangu hapo wazo la samaki likamkaa kichwani. Akamwendea jirani yake Joakimu Sulle, fundi wa kuchomelea, mtu wa milimani Mbulu aliyehamia tambarare na mkewe Doris. Mageti ya Joakimu yalijulikana mpaka Mogitu. Wakakubaliana kwa maneno machache: Michael alete boti, Joakimu alete ufundi, samaki wagawane sawa. Mzee Gidamis akaridhia, ila ng'ombe wake wasikose pa kunywea. Joakimu akamjengea hori la saruji. Boti ikafukuliwa, ikapakiwa kwenye mkokoteni, ikaja kulazwa juu ya magogo mawili nyuma ya nyumba ya fundi.

Watu hawa wawili walipendana kweli. Wiki ya kwanza walisugua tu, kwa brashi za waya na mchanga, mpaka viganja vikachubuka, huku wakitaniana kuhusu nani atakayekuwa wa kwanza kutapika wakifika majini, kwa kuwa wote wawili hawakuwahi kupanda chombo. Halafu wakaijaza boti maji ya kisima, wakalala chini yake chali kama watu wanaotazama nyota, wakangojea ivuje. Kila ilipodondosha, Joakimu alizungushia chaki. Walihesabu sehemu arobaini na moja.

Mashine ya kuchomelea isingefaa. Ingeyeyusha bati lile kama karatasi. Joakimu akaamua kutumia ribiti, vile vijisumari vya kubana bati, na viraka akavikata kwenye masufuria mabovu ya Doris, maana alijua kwamba chuma kikikaa na alumini penye maji, kimoja humla mwenzake. Kazi ya ribiti hutaka watu wawili. Michael aliingia ndani ya boti akakandamiza kipande kizito cha ekseli ya trekta kwenye kichwa cha ribiti, naye Joakimu, nje, akagonga upande wa pili mpaka ncha ikapanuka na kushika. Hawakuhitaji kusemezana. Mmoja alisikia mkono wa mwenzake kupitia bati.

Shida ya nyumba ile ilikuwa mzee Sulle, baba yake Joakimu. Alihamia hapo miaka miwili nyuma baada ya kufiwa na mkewe. Alikuwa mzee mkavu, mwenye meno yake yote, asiyecheka. Ujanani alikuwa askari wa shamba kubwa la ngano ambalo sasa limekufa, na alipotoka huko alirudi nyumbani na tabia za huko. Joakimu alikumbuka siku alipopoteza mbuzi mmoja tu. Baba yake alimfunga kwenye nguzo ya zizi akamchapa kwa mkanda mpaka akazirai, akammwagia maji, akaendelea. Alikuwa na miaka tisa. Kwa watu wa milimani baba ni baba, kwa hiyo Joakimu alimpa chumba, akampa blanketi jipya, na asubuhi alimtolea kigoda akae juani. Kutoka hapo mzee alitazama kazi ya boti kila siku bila kusema lolote. Doris ndiye aliyegundua kwamba hakuwa akiiangalia kama mtu anayeona kitu kigeni. Alimwambia mumewe, mumewe akasema wazee wote hutazama hivyo.

Jumamosi moja, jua likiwa utosini, walifika sehemu ya nyuma ya boti. Doris alikuwa ameinjika debe la lami kwenye mafiga, wapate kuziba viungo. Michael, akikwangua kwa ndani, akakuta vidonge vitatu vyeusi vya utomvu uliochanganywa na nta, kila kimoja kimeziba tundu la ukubwa wa kidole. Joakimu akavigusa kwa nje. Kingo za matundu zilikuwa zimejikunja kuelekea ndani.

"Haya si ya kutu," alisema.

Michael akaketi kwenye ubao wa boti, akafuta jasho. Akamweleza bila kupandisha sauti, kwa sababu lilikuwa jambo alilokua nalo. Zamani wale wa shamba la ngano walizuia njia ya ng'ombe kwenda majini. Siku moja waliwakamata ng'ombe wa boma lao, wakawafungia siku tatu bila maji, na ndama wakafa. Baba yake na mzee Gidamis, vijana wakati huo, wakaenda ufukweni wakaikuta boti ya wataalamu wa shamba, ambayo waliitumia kuvulia samaki Jumapili. Wakaifungua wakasukuma majini. Walitaka iwe rehani: rudisheni ng'ombe, chukueni boti. Askari wakafyatua risasi kutoka ufukweni. Mzee Gidamis alipiga makasia mpaka ng'ambo, na mdogo wake akafa kabla hawajafika. Hakuna aliyewahi kuja kuidai boti.

"Mimi nilikuwa tumboni," Michael alisema, akaweka kiganja juu ya yale matundu. "Baba alikaa katikati, risasi zikampata ubavuni."

"Hapana," mzee Sulle alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Alikaa nyuma kabisa. Wa katikati ndiye aliyepiga makasia."

Lami ilichemka. Joakimu alimtazama baba yake, akatamani ardhi immeze yule mzee na kigoda chake, na alijua kwamba hata angesema nini, lile neno halirudi mdomoni.

"Umejuaje, mzee?" Michael aliuliza. Aliuliza kwa adabu.

"Nilipiga nne. Ya kwanza ilipita juu ya maji." Mzee alijikuna goti. "Ilikuwa mali ya watu. Tuliamriwa. Mwizi ni mwizi."

Michael aliruka kutoka botini na kile kipande cha ekseli mkononi. Hakupiga kelele. Joakimu alimwona akija, akamwona akiinua mkono, akajitupa katikati. Chuma kilichokusudiwa kichwa cha mzee kikaangukia mkono wa kulia wa fundi, chini ya kiwiko, na mifupa ikalia kama kuni mbichi. Joakimu hakusikia maumivu mara ile. Nyundo ilikuwa bado katika mkono wa kushoto, naye akaizungusha. Ilimpata Michael shavuni. Meno mawili yakatoka na damu, na Michael akapepesuka, akaegemea boti, boti ikateleza kwenye magogo ikaanguka kwa kishindo.

Wangeweza kuachia hapo. Joakimu alisema jina la mwenzake. Lakini Michael alikuwa haoni mtu tena. Alimrukia, wakaanguka pamoja vumbini, mikono ya Michael shingoni mwa Joakimu, magoti yake juu ya ule mkono uliovunjika. Ndipo maumivu yalipokuja, yote kwa pamoja, na pamoja nayo kiza. Joakimu aling'ata, akakwaruza macho ya rafiki yake. Alihisi ulimi wake unatoka. Sauti ya Doris ilimfikia kama inatoka kisimani, ikimwita Michael amwache, amwache, amwache.

Doris aliomba mara tatu. Alimvuta Michael kwa shati, shati likachanika. Akamuona mumewe amegeuka rangi. Akakamata debe la lami kwa kanga akamwaga.

Michael aliungua mgongo mzima na bega la kushoto. Ukelele alioutoa uliwafanya watu wa boma la pili waache kazi zao. Alijiviringisha chini, akijaribu kukwangua lami kwa mikono, na ngozi ikatoka pamoja nayo. Matone mengine yalimpata Joakimu shingoni na kifuani. Doris alisimama na debe tupu, mikono yake imeiva, asijue aende kwa nani kwanza. Akakimbilia kisimani.

Katika wakati huo huo mzee Sulle aliinuka. Alikwenda taratibu mpaka kwenye rundo la kuni, akachukua panga, akaja. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyekumbuka kazi aliyoiacha nusu.

"Mshike miguu," alimwambia mwanawe.

Joakimu alikuwa amepiga magoti, anakohoa. Aliona panga likipanda. Aliona shingo ya Michael, na Michael hakujua, uso wake ulikuwa chini. Katika maisha yake yote Joakimu hakuwahi kumjibu baba yake kwa sauti kubwa, wala kumtazama machoni zaidi ya pumzi moja. Akaokota nyundo kwa mkono wa kushoto, akampiga baba yake kwenye kifundo cha mkono. Panga likaanguka. Mzee akainama kuliokota kwa mkono wa pili, na Joakimu akampiga tena, gotini, kwa nguvu zake zote, akasikia goti linavyokwenda.

Mzee Sulle alianguka akakaa. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Mkono huo uoze," alisema. "Usizae mali. Usizikwe na mtu wako."

Doris alirudi na ndoo akakuta wanaume watatu chini.

Majirani waliwapakia wote kwenye pikapu moja mpaka hospitali, na njia nzima Michael alilala kifudifudi, kichwa kikiwa karibu na miguu ya mzee aliyemwua baba yake, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Polisi waliandika maelezo. Michael alikataa kufungua kesi. Joakimu naye akakataa. Wazee wa tambarare wakakaa na wazee wa milimani siku mbili. Mzee Gidamis, alipoulizwa kama alijua tangu mwanzo jirani yake ni mtoto wa nani, alijibu kwamba askari walikuwa watatu na jua lilikuwa machoni mwake, na kwamba tangu siku ile hakutaka kujua, kwa kuwa angejua angelazimika kuua. Iliamuliwa ng'ombe watoke kwa ukoo wa Sulle kwa ajili ya damu ya zamani, na wengine kwa ajili ya mgongo wa Michael. Joakimu aliuza mashine yake ya kuchomelea kutimiza. Mzee Sulle hakutoa hata kuku. Alichukuliwa na binti yake, Irene, akarudi Mbulu anachechemea.

Boti ilibaki pale ilipoangukia. Mvua zikanyesha ndani yake, mbu wakazaa.

Mwezi wa tano Michael alikuja. Alitembea kombo, bega moja juu, kwa sababu ngozi mpya ilikuwa imemvuta. Alisimama mbali kidogo na nyumba. Doris alimwona kwanza, akaingia ndani akafunga mlango, si kwa hofu bali kwa aibu, akaketi kitandani na mikono yake yenye makovu mapajani.

"Boti ni ya baba yangu," Michael alimwambia Joakimu. "Uliahidi kuitengeneza."

Joakimu alimwonyesha mkono wa kulia. Ulikuwa umeungwa vibaya. Vidole viwili havikufunga. Hata nyundo hakuweza kuishika sawasawa.

"Tengeneza kwa wa kushoto," Michael alisema, akaondoka.

Ilimchukua miezi mitatu. Doris ndiye aliyeingia ndani kushika chuma, na mara nyingi Joakimu alikosa ribiti akapiga bati, wakaanza upya. Siku walipofika kwenye yale matundu matatu, Doris aliuliza kama si vizuri kuyaacha na utomvu wa mzee Gidamis. Joakimu alifikiri, akasema yatavuja. Wakayapigia kiraka kimoja kikubwa, ribiti ishirini na nne, na alizihesabu kila moja. Wakaijaza maji. Ikakaa usiku na mchana bila kudondosha.

Michael alikuja na mkokoteni na ndugu zake wawili. Alipapasa kila kiungo kwa vidole, akapiga bati kwa ngumi akasikiliza. Aliridhika, ilionekana usoni. Hakuzungumzia kugawana samaki, wala Joakimu hakuuliza. Wakati ng'ombe wanaanza kuvuta, Doris alitoka nje kwa mara ya kwanza, akasimama njiani, akasema, "Nisamehe, shemeji." Michael alisimamisha mkokoteni. Alimwangalia mikono. Akamwambia kwamba naye angekuwa na debe mkononi, na mtu wake ndiye anayenyongwa, angemwaga vilevile. Halafu akawachapa ng'ombe, wakaenda. Baadaye walisikia kwamba anavua, na kwamba hapandi na mtu yeyote asiye wa boma lake.

Baada ya mavuno Joakimu alisafiri kwenda Mbulu. Irene alikuwa amempigia simu kwamba mzee hali chakula tena. Alimkuta kwenye kitanda cha kamba, amegeukia ukuta, goti limevimba kama kibuyu. Joakimu alivua kofia akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Mzee alikuwa macho. Joakimu alirudia, kisha akarudia tena, sauti ikipungua. Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa, na mzee aliitazama hiyo. Joakimu alivuta kigoda akaketi, akachukua bakuli la uji kutoka kwa dada yake, akachota kijiko kwa mkono wa kushoto. Mzee alifungua kinywa akanywa. Alikunywa bakuli zima, kijiko kwa kijiko, bila kumtazama aliyemlisha na bila kuitikia.