Mlango wa Kulia

Springi ya mlango wa gereji ilikatika saa mbili asubuhi, binti yangu akiwa ameshika mpini, na kishindo chake kilinifanya niangushe sahani ya pili mwezi ule. Nilitoka mbio nikiwa na povu mikononi. Nilimkuta amesimama wima, mzima, macho yamemtoka. Kipande cha springi kilikuwa kimejichimbia ukutani, juu kidogo ya kichwa chake. Kilikuwa kwenye kimo cha baba yake hasa. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla hata ya kumuuliza kama ameumia.

"Mama, huu mlango sasa basi," alisema, na nilikubali upesi kuliko alivyotegemea.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nautafutia mlango ule kisa kwa miezi mitano, tangu tulipomzika mume wangu. Ulikuwa mlango wa chuma, unaopanda juu kwa reli mbili, na ulikuwa unalia. Sisemi ulikuwa unakwaruza. Ulianza chini kwa sauti nene, ukapanda, na ulipokaribia dari ulimalizia kwa kilio chembamba kirefu, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kwa miaka kumi na tisa sauti ile ilikuwa na maana moja tu, kwamba amefika. Nilikuwa nabandika maji ya chai bila hata kugeuka.

Sasa aliyekuwa anafungua ni binti yetu. Kila mlango ulipolia, kabla akili haijaniambia kitu, mkono wangu ulikwenda wenyewe kabatini kutoa kikombe cha baba yake. Halafu nilikumbuka. Nikakirudisha. Kila jioni nilikuwa nafiwa upya, nimesimama jikoni na kikombe mkononi. Nilitaka mlango ambao sitausikia kabisa.

Niseme na hili: mimi hushtuka ovyo. Ilianza mwaka wa pili wa ndoa, mchana kweupe, nilipogeuka kutoka kwenye sinki nikamkuta mwanamume nisiyemjua amesimama jikoni kwangu na redio yetu kwapani. Hakunigusa. Alinitazama, akatoka taratibu kama mgeni aliyeaga. Tangu hapo mtu akinijia kimya kwa nyuma roho inataka kunitoka. Hata walioniletea habari za mume wangu, kwamba ameanguka juu ya cherehani yake dukani na hakuamka, waliingia kimya kimya kwa mlango wa mbele, viatu wameshika mkononi. Nilipogeuka walikuwa wanne.

Mume wangu alikuwa mshonaji. Cherehani yake aliitia mafuta kila Jumamosi, tone kwa tone, na kikopo chenyewe kilikaa dirishani pa jikoni. Nilimwambia mara nyingi kwamba na mlango uonje tone moja. Alijibu, "Kesho." Kesho hiyo haikufika. Nilimwita mvivu mbele ya dada yake, na dada yake, ambaye hajawahi kukosa neno, aliongeza kwamba kaka yake angeutia mafuta mlango ule kama ungekuwa na sindano.

Ni huyo wifi yangu niliyekwenda naye karakana ya milango siku ya pili. Fundi mwenyewe walimwita Milimita, kwa sababu hakuwa na kipimo kingine mdomoni. Alituonyesha mlango wa kujiviringisha kama mkeka, halafu wa mabawa mawili kama lango, halafu wa mabamba manne unaopanda juu na kulala chini ya dari. Wa kwanza, alisema, unataka nafasi kubwa juu ya kizingiti. Wa pili unataka uwanja mbele, na gari la jirani lisiegeshwe ovyo. Wifi alimuuliza kama ana mlango unaokataa wageni wanaokuja saa ya chakula. Milimita alimjibu kwamba huo upo, lakini ungemzuia yeye wa kwanza.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu, upi hauna sauti. Fundi alifurahi kama aliyeulizwa habari za mwanawe. Alibonyeza rimoti na mlango wa mabamba ukapanda. Niliuona ukipanda, lakini masikio hayakupata kitu. Magurudumu yake yalikuwa ya nailoni, alisema, hayahitaji mafuta maisha yake yote. Nilimwambia ni huo, wa kijivu.

Akaniuliza nyumba iko wapi ili aje kupima. Nilimweleza njia: ukipita shule, kona ya pili, nyumba yenye ngazi tatu na kibao cha mshonaji. Nilipofika kwenye kibao aliacha kuandika.

"Nyumba ya mshonaji? Mama, mbona hiyo nilishaipima."

Nilimwambia anafananisha. Hakubishana. Alivuta faili, akafunua karatasi moja baada ya nyingine, akatoa moja na kuiweka mbele yangu.

Ilikuwa karatasi ya vipimo vya nguo. Juu palikuwa na maneno yaliyochapwa, kifua, kiuno, mkono, na chini yake, kwa penseli bapa ya mshonaji, mwandiko wa mume wangu. Ile saba yake yenye mkia. Ile herufi K yake inayoegemea mbele kama inakimbia. Tarehe ilikuwa ya wiki mbili kabla hajafa.

Mtu aliyezikwa miezi mitano iliyopita alikuwa anazungumza nami juu ya meza ya karakana, katikati ya misumari. Wifi alinishika kiwiko.

Milimita alisoma kwa sauti, polepole, pengine akidhani sijui kusoma. "Upana futi tisa. Urefu futi saba. Mlango uwe wa kulia kama huu wa sasa. Mke wangu asishtuke."

Alieleza kwamba alikwenda kupima siku niliyokuwa sokoni, na kwamba mume wangu alisema atarudi kuchagua rangi. Hakurudi. Wa kulia maana yake mnyororo wa kuuvutia mlango, umeme ukikatika, uwe mkono wa kulia. Na hayo ya mwisho, alisema akiona haya, aliyaelewa kwamba mlango ni zawadi, mke asijue mapema, ndiyo maana hakutafuta simu ya nyumbani. "Nilijua siku moja atakuja," alisema. Wifi ndiye aliyemwambia kwamba hatakuja.

Niliomba niichukue ile karatasi. Usiku niliiweka chini ya mto kama msichana wa shule.

Siku ya kufunga, Milimita alifika asubuhi na msaidizi mmoja, mtu mzima mwenye masharubu. Waliunyanyua mlango wa zamani kwa mikono ili wautoe kwenye reli, nao ukalia safari yote kutoka chini hadi juu. Nilikwenda chumba cha mwisho nikajifunika mto masikioni. Nilijiambia ndiyo mara ya mwisho.

Niliporudi walikuwa wamesimama wanakuna vichwa. Mnyororo wa mlango wa zamani ulikuwa kushoto. Kulia palikuwa na sanduku la umeme, na mtu asingeweza kufunga hata ndoano pale.

"Mzee aliandika kulia kama wa sasa," Milimita alisema, "na wa sasa ni wa kushoto. Alichanganya mikono."

Wifi, aliyekuja kusimamia kazi ambayo hakuna aliyemwomba aisimamie, alikasirika kweli. Alimwambia fundi kwamba kaka yake ameshona makoti ya watu arobaini na kitu, na mtu anayechanganya kulia na kushoto angewatoa watu barabarani wamevaa mikono kinyumenyume. Aangalie vizuri milimita zake. Fundi alicheka, akafunga mnyororo kushoto. Mimi nilibaki na wasiwasi usio na jina. Wifi hakukosea. Mume wangu alipima kila kitu mara mbili. Hata siku ya harusi yetu alinyoosha pindo la suti ya kasisi kabla ya kuitikia.

Kufika saa kumi kazi ilikuwa imekwisha. Waliupandisha na kuushusha mlango mara tatu, na mara zote tatu sikusikia kitu. Nilimshukuru fundi, nikamwacha anakusanya vifaa, nikaingia jikoni kuosha vyombo. Ile karatasi niliiacha mezani, chini ya kijiko, nilikuwa nimeitoa kumwonyesha.

Sijui zilipita dakika ngapi. Nilikuwa na bakuli mkononi, nyuma yangu kimya, mbele yangu dirisha na kile kikopo cha mafuta.

"Mama."

Bakuli lilipasuka miguuni kabla sijajua kama nimeliachia. Nilipiga ukelele uliomleta Milimita mbio na nyundo mkononi, na wifi nyuma yake na ufagio. Aliyekuwa amesimama nyuma yangu, mkoba begani, kashika mdomo, alikuwa binti yangu. Alikuwa ametoka kazini. Alibonyeza rimoti, mlango ukafunguka, akaingiza gari, akatembea hadi mgongoni kwangu, na mimi sikusikia hata hatua moja.

Waliniketisha. Binti yangu aliomba radhi tena na tena, na nilitaka kumwambia hana kosa, lakini macho yangu yalikuwa kwenye karatasi mezani. *Mke wangu asishtuke.*

Nilisoma mstari wa juu yake. Halafu nikausoma tena, safari hii kwa sauti ya mume wangu, si kwa sauti ya Milimita.

Kikopo cha mafuta kilikuwa pale dirishani, nusu kimejaa, kikopo cha mtu ambaye hakuruhusu hata mkasi wake ulie. Miaka kumi na tisa nilimwita mvivu.

"Fundi," nilisema. "Hakuchanganya mikono."

Milimita alinitazama na nyundo yake.

"Si kulia na kushoto. Ni kulia. Machozi. Alitaka mlango unaolia."

Wifi alichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, midomo ikicheza. Kisha alikaa chini, palepale sakafuni kati ya vigae vya bakuli, ufagio mapajani, akaanza kulia yeye. Baadaye alisema kwamba kaka yake aliwahi kumwambia kwamba mlango ule ni kengele ya mke wake, na yeye alidhani ni utani, akamcheka.

Milimita alijikuna kidevu. Aliniambia kwamba kazi yake yote ni kunyamazisha milango, hajawahi kuombwa kuufanya hata mmoja ulie. Lakini alitoka nje, akapekua gunia la vyuma vya kutupwa, akarudi na gurudumu moja la mlango wa zamani, la chuma, jeusi, limelika upande. Aliligeuza mara mbili kwenye mwanga. Ufito wa kulishikia, alisema, ni uleule, milimita kumi na moja. Lingeingia kwenye bamba la chini. Lingekwaruza reli yake nzuri, na kama kuna mwenzake atakayeona, nisitaje jina lake.

Alilifunga. Binti yangu aliondoa gari, akazunguka mtaa, akarudi. Mimi nilisimama kwenye sinki, mgongo mlangoni, mikono majini.

Ulianza chini kwa sauti nene. Haikuwa kubwa kama zamani, gurudumu moja si manane. Lakini ulipanda, na karibu na dari ukatoa kile kilio chembamba, na mkono wangu ulitoka majini ukaenda kabatini wenyewe. Niliuacha uende. Nilitoa kikombe, nikakishika, na sikushtuka binti yangu alipoingia, kwa sababu nilijua ni yeye.

Milimita alichungulia jikoni kuaga. Alikiona kikopo dirishani, na nadhani ufundi ulimshinda nguvu, akaniuliza kama akitie tone moja tu kile chuma, kisisumbue sana.

"Kesho," nilimwambia.