Mawe Matatu Yasiyo na Alama

Mimi ni msaga mawe wa chuo, na sisagi ovyo. Nalivunja jiwe, nalisaga mpaka linakuwa unga, kisha kabla ya kugusa jingine nasaga kwanza mchanga mweupe ili uzoe vumbi lililobaki kinuni. Kila nikisafisha naweka alama ya vema daftarini. Mwanafunzi anayelicheka daftari langu namtoa nje.

Asubuhi ile mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja karakana saa mbili na nusu. Saa tatu alikuwa anaingia kutetea tasnifu yake, kazi ya miaka mitano. Akakunjua grafu mezani kwangu.

Swali lake lilikuwa moja. Kilima alichokichunguza kina mwamba mweusi na mwamba mweupe, yote miwili imepoa chini sana ardhini, zamani mno, kabla mdudu yeyote hajatambaa duniani. Je, ilitokana na magma moja, ule uji wa mawe yaliyoyeyuka? Yaani madini mazito yaliganda mapema yakazama, ndio huo mweusi, na uji uliobaki juu ukaja kuwa mweupe? Au zilikuwa magma mbili zisizojuana kabisa? Yeye alishikilia kwamba ni moja. Mwamba mweusi una metali ya nikeli tele na mweupe karibu hauna, lakini mawe matatu meupe yalikutwa nayo kiasi, ikipungua vizuri jiwe baada ya jiwe, yakaziunganisha pande mbili kwa mstari mmoja.

"Haya matatu ndiyo yameniokoa, Mjomba," akasema, akiyagusa kwa kidole. Jiwe la kumi na nne, la kumi na tano, la kumi na sita.

Kule kupungua kwa kufuatana ndiko kulikonitia baridi. Alipotoka nikafungua daftari. Siku niliyosaga mawe yake umeme ulikuwa unakatika kila mara, nami nikaharakisha kazi yake kuliko ya wengine kwa sababu ni damu yangu. Jiwe la kumi na tatu lilikuwa jeusi. Matatu yaliyofuata hayakuwa na alama. Niliyasaga moja kwa moja juu ya vumbi jeusi, na kila moja lilizoa kidogo likamwachia mwenzake kilichobaki.

Kalamu ilikuwa mfukoni. Vema tatu tu, nani angejua? Niliitoa, na sitasema niliishika kwa muda gani. Nina aibu nayo mpaka leo.

Nilimkuta mlangoni pa ukumbi, zimebaki dakika kumi. Nikampa daftari, kidole changu kwenye jiwe la kumi na tatu. Alisoma ukurasa ule mara mbili.

"Kuna mtu mwingine anajua?"

"Hakuna."

Akaniambia niende nyumbani. Sikwenda, nilikaa kiti cha nyuma kabisa.

Alieleza vizuri. Alipofika kwenye grafu akachukua karatasi akafunika nukta tatu. Zilizobaki zikawa vichuguu viwili, kimoja huku, kingine kule, katikati patupu. Akasema vipimo vile vina vumbi la kinu, kwa hiyo hawezi kudai ni magma moja. Mwalimu wake akainamisha kichwa. Mtahini mgeni, mama mmoja mfupi, akauliza kosa ni la nani.

"Msagaji aliandika kila kitu," mpwa wangu akajibu. "Mimi ndiye sikusoma."

Nilisimama nikasema kinu ni changu na haraka ilikuwa yangu. Yule mama akanitazama, akaandika.

Hakufaulu siku ile. Walimpa miezi mitatu arudie kupima mawe yale. Nilidhani atayapeleka kwa msagaji mwingine, na nilijiambia ni haki yake.

Kesho yake aliingia karakana bila salamu, akatua mfuko wa mawe mezani. Macho yalikuwa yamemvimba. Akavuta daftari upande wake, akatoa kalamu mfukoni mwangu.

"Anza na mchanga, Mjomba," akasema. "Alama nitaweka mimi."