Wimbo Uliobaki Kiitikio

Siku ya kwanza ya mazoezi bila bibi, kila mtu alifika mapema. Angekuwepo angecheka mpaka ashike mbavu, maana miaka yote alikuwa akianza na viti vitupu. Walipanga viti wenyewe kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, wanawake upande wa ukuta, wanaume upande wa tangi la maji, wakasimama, wakajikohoza. Halafu wakatazamana.

"Anzisha basi," dobi akamwambia mshonaji.

"Nianzishe nini? Mimi sauti ya pili. Anzisha wewe."

"Na mimi ni sauti ya pili!"

"Kumbe sauti ya kwanza nani?"

Fundi baiskeli, ambaye ndiye besi ya kwaya na tangu azaliwe hajui kunong'ona, akasema, "Sauti ya kwanza tumeizika Jumamosi."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, nikakaa na sinia langu hapo hapo, kwa sababu nilijua kabla yao kwamba siku hiyo ingekuja.

Mimi ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Kwaya nzima inaniita Mkoba, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikibeba kodiani ya bibi, kile kinanda cha kuvaa kifuani na kukivuta kwa mikono miwili. Nilipomaliza darasa la saba nilifaulu kwenda mbele. Bibi akasema mgongo unamsumbua, nimsaidie kubeba mwaka huo tu, shule haina miguu, haitakimbia. Nikabeba. Mgongo haukupona, na shule, sijui ilipata miguu wapi.

Sitaki kusema bibi alikuwa mtu mbaya. Mtaa mzima ulimwita Mama Kodiani na walikuwa na sababu. Kila wiki alikwenda hospitali na kwaya yake, bila kulipwa hata nauli, akaimba wodi kwa wodi. Wagonjwa wasio na ndugu aliwaogesha kwa mikono yake, akawakata kucha, akashona mashuka yaliyochanika. Nyumbani alilea watoto wake wote na wa wenzake wawili watatu. Hata mimi ni yeye aliyenilea, mama yangu alipoolewa mbali. Ukigombana na ndugu yako anakukalisheni sebuleni, anavuta kodiani mpaka mmoja wenu acheke. Ila alikuwa na jambo moja, na jambo hilo nililiona mimi tu kwa kuwa nilikuwa nyuma yake na mzigo.

Kwaya yake hakuna aliyejua kusoma noti. Kila mmoja alifundishwa kwa sikio, na kila mmoja kazini kwake. Tulikuwa tunakwenda kwa dobi, bibi anaimba sauti ya pili huku wanawake wanakamua mashuka, mpaka waishike. Tunakwenda kwa fundi baiskeli, bibi anakaa kwenye kreti la soda katikati ya matairi, anamtia besi kichwani. Nikamuuliza kwa nini asiwafundishe wote pamoja. Akasema, "Wakikaa pamoja wataibiana sauti." Kwa hiyo kila mtu alipewa kipande chake, kama mtoto anayepewa kipande cha mkate na kukatazwa kuuona mkate wenyewe. Sauti ya kwanza, yenyewe yenye maneno, hakumpa mtu. Ilikuwa yake.

Nyimbo nyingine zilikuwa za kawaida, mtu yeyote angeziokota. Lakini wimbo wa kuagia wodi ulikuwa wa bibi, aliutunga mwenyewe. Yeye anauliza mstari mrefu, peke yake, kwaya inangoja. Halafu wote wanaitikia: "Tupo, mama, tupo." Anauliza tena, wanaitikia tena. Wagonjwa waliokuwa wamegeukia ukuta walikuwa wanageuka. Niliwaona kwa macho yangu.

Sasa hospitali ilikuwa imejenga ukumbi mpya wa wagonjwa kusubiria, na mganga mkuu akaamua uitwe kwa jina la bibi. Ungefunguliwa kwa hotuba, na kwaya ingeimba ule wimbo. Ndiyo sababu watu waliwahi mazoezi.

"Mtu yeyote hana kwenye simu?" mshonaji akauliza.

Hakuna aliyekuwa nao. Bibi hakuruhusu simu wodini, alisema mgonjwa si sherehe. Muuguzi mmoja aliwahi kurekodi kwa kuiba, tukaletewa, tukasikiliza wote tumeinama. Alikuwa amesimama karibu na fundi baiskeli. Ilisikika besi peke yake, mwanzo mpaka mwisho, kama pipa linaloviringishwa barabarani.

"Hapo niko vizuri," fundi akasema.

Mjomba akaitwa. Mjomba ni mtoto wa kwanza wa bibi, ofisa wa idara ya maji, na hata akiomba chumvi mezani utadhani anafungua mkutano. Akasikiliza tatizo, akavua miwani.

"Mimi sikuwahi kuushika," akasema. "Wakati huo nilikuwa masomoni."

Ndipo dobi akageuka taratibu, akaniona mlangoni. "Jamani. Mkoba si alikuwa anakwenda kwa kila mtu? Mkoba! Wewe unaujua?"

Nikaweka sinia chini. Nilikuwa na kitu kimoja nilichokitaka katika maisha ya nyumba ile, na sikuwa nimekisema kwa mtu: kuuimba wimbo ule mara moja kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu, nao wakiniitikia nyuma. Mara moja tu.

"Naujua," nikasema. "Wote."

"Mungu mkubwa," dobi akasema, akapiga makofi.

"Vizuri sana," akasema mjomba, akavaa miwani yake. "Basi tatizo limekwisha. Utamfundisha dada yako."

Dada yangu maana yake binti yake mjomba. Anafanya kazi benki, anaimba kwenye harusi za wafanyakazi wenzake, sauti yake ni nzuri, sidanganyi, na akisimama mbele ya watu hajui mikono ni mzigo.

"Nitauimba mwenyewe, mjomba," nikasema.

Halafu mtu akacheka upande wa tangi, na kicheko kikatembea kiti kwa kiti. Hakikuwa cha ubaya. Ndicho kiliniuma.

"Mwanangu," mjomba akasema kwa upole, "bibi yako mwenyewe alisema una sauti ya bati."

Ni kweli alisema. Nilikuwa mdogo, nikaanza kuimba naye uwanjani mbele ya wote, akasimamisha kodiani, akasema, "Nani anagonga bati hapo?" Watu wakacheka, naye akanipapasa kichwa. Tangu siku hiyo nilibeba kimya.

Lakini kuna mengine ambayo mjomba hakuyajua, kwa kuwa hakuwepo. Bibi alipoanguka akawa wa kitandani, alikaa akiutazama mlango. "Wamekuja?" Nikamjibu watakuja. Kwaya walikuwa na kazi zao, walituma salamu, walituma matunda. Walikuja mwanzoni, kisha wakawa wanaulizia hali yake kwangu sokoni. Mjomba alikuja kila mwisho wa mwezi na daktari wake na haraka yake. Asubuhi moja, nikimwogesha, aliniuliza tena kama wamekuja, nikakosa uongo mpya. Nikaanza kuimba. Nilimuuliza mstari wake wa kwanza, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuitikia, nikaitikia mwenyewe: tupo, mama, tupo. Nikaenda hivyo, nikiuliza na kujibu, mpaka mwisho, na kitambaa mkononi.

Alikuwa amefumbua macho. Nikadhani atalia, au atanishika mkono. Akasema, "Nani kakufundisha?"

"Wewe, bibi."

"Mimi sikukufundisha."

Akageukia ukuta. Nikamfuta mgongo, nikambadilisha shuka.

Jioni baada ya mazoezi yale, dada akanifuata jikoni. Alivua viatu vyake vya kazini mlangoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama tulivyokuwa tukikaa utotoni.

"Mimi sikuomba," akasema. "Baba ndiye kaamua. Unajua baba."

"Namjua."

"Basi nifundishe tu yaishe. Nitasema pale pale kwamba wewe ndiye umenifundisha."

"Kwenye kipaza sauti?"

"Kwenye kipaza sauti. Au tuimbe wote. Mimi mbele, wewe unakuwa nyuma yangu kidogo, unanisaidia."

"Nyuma yako nimebeba nini?"

Akachukua kitunguu, akakimenya vibaya, machozi yakamtoka, sijui ya kitunguu au yake.

"Unamnyima bibi wimbo wake," akasema. "Unajisikiaje?"

"Bibi alininyima kwanza. Nenda kamuulize anajisikiaje."

"Una roho ngumu, wewe."

"Nilizaliwa nayo laini. Imekazwa na kodiani."

Akacheka bila kutaka, nami nikacheka, na kwa dakika ile ningeweza kumpa wimbo. Ulikuwa ulimini. Lakini akasema, "Halafu mdogo wangu, tuseme ukweli. Watu watakuja na nguo zao nzuri, mganga mkuu, wakubwa. Wewe utasimama pale uimbe nini?" Nikainuka kukoroga chungu, na hakikuhitaji kukorogwa.

Asubuhi nilimwambia mjomba neno langu. Nitaimba mimi, au hautaimbwa. Siku hiyo nitakuwa nimesimama kando ya mlango wa ukumbi, nimevaa, niko tayari. Aniite tu.

"Tutaona," akasema. Alikuwa na hakika kwamba nitalegea. Mkoba haukatai mzigo.

Ukumbi ulinukia rangi mpya. Mabenchi yalikuwa bado na vumbi la seremala chini, na ukutani kulikuwa na kibao kilichofunikwa kitambaa. Kodiani ya bibi waliiweka juu ya meza katikati ya maua. Mikanda yake niliipaka mafuta mimi. Nilivaa gauni langu la buluu, nililipiga pasi mpaka likasimama lenyewe, nikasimama kando ya mlango kama nilivyosema.

Mjomba alihutubia. Alisema mama yake alijitoa kwa jamii, na familia yake hakuisahau hata siku moja. Alisema hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake akabaki nyuma. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mikono ilikwenda yenyewe.

Kisha akasema, "Sasa kwaya," akanitazama. Nilimwona akinitazama. Nikashusha pumzi, nikanyoosha mgongo. Alitazama gauni langu, akawatazama wakubwa waliokaa mbele, akasema, "Kwaya, endeleeni."

Dada, aliyekuwa amesimama mbele ya kwaya, akainua mkono. Pale penye mstari wa bibi pakawa kimya. Mkono wake ukakaa hewani, akahesabu moyoni, ukashuka.

"Tupo, mama, tupo."

Kimya tena. Mstari wa pili ulikuwa mdomoni mwangu umekamilika, neno kwa neno, nikausikia ukipita nyuma ya meno yangu. Fundi baiskeli alikuwa akiniangalia, nyusi juu.

"Tupo, mama, tupo."

Ikaendelea hivyo. Swali halikuulizwa, wakawa wanajibu. Nikangoja mtu ashtuke. Nikangoja mganga mkuu amgeukie jirani yake aseme huu wimbo una shimo. Wauguzi waliousikia wodini kila wiki walikuwa pale, wangejua. Badala yake mama mmoja kwenye benchi la pili akaanza kulia. Kimya kilichofuata wakalia wengine. Walipomaliza, ukumbi mzima ulisimama.

Muuguzi mkuu akamshika dada mikono yote miwili. "Huo ubunifu! Pale mnaponyamaza, mnamwachia nafasi yake mwenyewe. Nimemsikia kabisa."

"Ahsante," dada akasema. Aliniangalia mara moja juu ya bega la yule muuguzi, halafu hakuniangalia tena.

Mjomba akapita karibu yangu akielekea kwenye soda. "Umeona?" akasema, wala hakusimama. "Imetosha hivyo hivyo."

Nikatoka nje. Fundi baiskeli akanifuata, jasho likimtiririka kwenye kola aliyoifunga mpaka juu.

"Mkoba, nilikuwa nakuachia. Kila mara nilichelewa makusudi ili uingie."

"Nilisikia."

"Sasa mbona hukuingia? Nani angekutoa? Ukishaanza umeanza!"

"Sikuitwa."

Akatikisa kichwa. "Watu walikuwa wanalia mle ndani, wewe una wimbo mzima tumboni, umeukalia." Akafungua kola. "Aliyesema bibi yako hakufundisha mtu ni mwongo. Kunyima kwake umejifunza vizuri."

Hakungoja jibu. Ndani walikuwa wanaomba kwaya irudie. Akarudi mbio kwenye mstari wake, kwa kuwa bila besi hawaanzi. Nikaubana mgongo wangu kwenye ukuta wa ukumbi wenye jina la bibi, nikasikiliza. Waliimba tena, na safari hii vile vimya vilikuwa virefu zaidi, maana sasa walijua kwamba vinapendwa.