Mfarishi wa Bibi Walburga

Mwaka ule theluji iligoma. Krismasi iliingia Wellenrode ikiwa na matope hadi magotini, na Mlima Meissner, ambao kila Desemba hujifunika shuka jeupe gubigubi, ulisimama na ukijani wake kama mtu aliyeibiwa nguo akioga mtoni. Ngano iliyopandwa kabla ya baridi ilikuwa ikioza shambani kwa kukosa blanketi. Watu walitazama juu, wakatikisa vichwa, wakasema: Bibi wa Mlimani amelala.

Huyo Bibi, mtoto wa Wellenrode humjua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ana meno marefu na roho nzuri, anakaa chini ya kisima cha mlimani, na msichana mvivu akimtumikia hurudi kwao amemwagiwa lami. Akikung'uta kitanda chake, manyoya yanaruka, na huku duniani theluji inaanguka. Basi watu wa sinema wakaja kutoka mjini kuitengeneza hadithi hiyo palepale ilipozaliwa. Kisima walikwisha kukipiga picha, na lami pia. Lilibaki dirisha tu: Bibi anainama nje, anakung'uta mfarishi wake uliojaa manyoya. Na katika madirisha yote ya kijiji walilichagua la ghorofani kwa Bibi Walburga, ambaye tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine. Hata hospitali, moyo ulipomwangusha mwanzoni mwa Desemba, alimwambia daktari, "Nishone haraka, nina dirisha linanisubiri."

Mwigizaji wa mjini, aliyekuja kuwa Bibi wa Mlimani, akateleza kwenye ngazi zenye utelezi, mkono ukaingia plasta. Ndipo wakamwona Almut, mjukuu wa Bibi Walburga, mrefu kama mlingoti. Kwa mbali, na kilemba cheupe kichwani, nani angejua?

Almut alikubali akicheka. Kicheko kilikauka alipoambiwa siku. Ilikuwa katikati ya zile siku kumi na mbili.

Maana kuanzia Krismasi hadi Sikukuu ya Mamajusi, Januari sita, Wellenrode haianiki kitu. Kamba za kuanikia nguo hufunguliwa kabisa. Inasemwa kwamba siku hizo Bibi wa Mlimani hupita angani na msafara wake, na shuka lolote litakalowazuia njia litakuwa sanda ya mtu wa nyumba ile kabla ya Krismasi nyingine. Kila mtu kijijini huicheka imani hiyo. Na hakuna anayeanika hata soksi.

"Sasa we Almut," alisema Veit, dereva wa trekta, aliyekodiwa kusimamia feni kubwa ya kupeperushia manyoya, "ukianguka dirishani na huo mwili wako, tukuokote kwa trekta au kwa kreni?"

"Kaa na feni yako. Ndiyo kitu pekee kijijini chenye upepo mwingi kuliko mdomo wako."

"Haya. Ila kweli, unakung'uta leo? Mfarishi mweupe, nje, siku hizi? Na Bibi ndiyo kwanza katoka..." Veit akameza maneno yake. "Nilikuwa natania, bwana."

Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Almut alipanda ngazi nalo, akavaa gauni nalo, akaushika mfarishi nalo. Chini, sebuleni karibu na jiko, Bibi Walburga alikuwa kwenye kiti chake, amevaa kama anayekwenda kubatiza mtoto.

"Tayari!" alipaza sauti Bwana Roloff, mwongozaji, kutoka uani. "Kung'uta!"

Almut akakung'uta, ila kwa ndani, mfarishi usivuke kizingiti cha dirisha.

"Dada yangu! Unaleta theluji, au unambembeleza mtoto alale?"

Akajaribu tena. Ncha moja ya mfarishi ilichungulia nje kama panya, ikarudi. Bwana Roloff akavua kofia, akaitazama saa, akalitazama anga lililokuwa likififia.

"Jioni tunaondoka. Unaweza au huwezi?"

"Siwezi," alisema Almut, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

"Basi fungeni vitu. Dirisha tutalichora kwenye kompyuta."

Zikasikika ngazi. Hatua, pumzi, hatua, pumzi. Almut alipogeuka, Bibi Walburga alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Bibi! Daktari alikukataza ngazi!"

"Alinikataza na soseji. Nani anataka kunichorea dirisha mimi?"

Almut akakaa kitandani. "Naogopa kukushonea sanda, Bibi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kuzifungua kamba."

Bibi hakucheka. Alikuja akakaa karibu naye, wakaukalia mfarishi wote wawili, ukatoa pumzi ndefu chini yao.

"Ile sheria ni ya nani?"

"Yetu sisi."

"Na Bibi wa Mlimani inamhusu? Kama naye angefungua kamba na kukaa kimya siku zote hizi, theluji ya Krismasi ingetoka wapi? Ingeletwa na posta?" Akakinyoosha kile kilemba kichwani kwa mjukuu wake. "Hatuaniki ili tusimzuie njia. Mtu hajizuii njia mwenyewe. Leo, umevaa kilemba cha nani?"

Almut akakigusa kilemba. Kisha taratibu, "Na ikitokea je?"

"Nina miaka themanini na sita, mjukuu wangu. Nikifa, msiusingizie mfarishi."

Akachomoa mkasi mdogo mfukoni mwa aproni, akaanza kufumua mshono wa mfarishi. Wanawake wa kijiji, alisema, ndio waliochambua manyoya yale ya bata bukini, kwa ajili ya harusi yake. Walikaa kuizunguka meza, milango imefungwa, marufuku kupiga chafya, marufuku kucheka. Bibi harusi akashindwa, akacheka. Manyoya yakapanda hadi darini, yakatua kwenye nywele na kwenye vikombe vya kahawa, na asubuhi walipofungua mlango, huko nje nako kulikuwa kweupe, hata hawakujua yao yameishia wapi na ya nani yameanzia.

"Simama," alisema. "Utupe nje wote. Kukung'uta si kubembeleza."

Almut akasimama. Mfarishi ukavuka kizingiti, ukaning'inia juu ya ua kama wingu lililofungwa kamba. Akakung'uta. Manyoya yakatoka mojamoja, kwa aibu, kisha yote kwa pamoja, na dunia ikapoteza sauti. Hakuusikia mtambo wa kamera wala Bwana Roloff. Veit alisahau kuiwasha feni; yalikwenda yenyewe, juu ya paa la kanisa, juu ya ngano, polepole, kama hayana haraka ya kufika. Mikono yake ilikuwa yake na haikuwa yake. Kwa kitambo hakujua kama yuko ghorofani au chini ya kisima, wala chini ilikuwa upande gani.

Bibi Walburga alinyoosha kiganja dirishani. Nyoya likatua. "La bata," akasema, akalipuliza. Likatua jingine. "La bata."

La tatu hakulipuliza. Alilitazama likipungua, likipungua, mpaka likawa tone la maji.

"Hili si langu," alisema. "Endelea. Usisimame."

Filamu ilioneshwa ukumbi wa kijiji Krismasi iliyofuata, mwaka ukiwa umekwisha kugeuka. Dirisha lilipotokea, na mikono mirefu ikakung'uta weupe usio na mwisho, shingo zote zilinyooka. Kila mtu alikiona pembeni ya picha kivuli kidogo cha kijivu.

"Kiwiko changu hicho!" alipiga kelele bibi mmoja wa miaka themanini na saba, safu ya mbele, kwa nguvu hadi watoto wakamnyamazisha. "Tazameni! Kiwiko changu!"

Nje theluji ilikuwa ikianguka, na kijiji kizima hapakuwa na kamba moja ya nguo.