Mazao Marefu

Mimi sikuhamia mjini. Mji ndio ulionihamia, tena bila hodi. Walijenga kiwanda cha sembe huku nje kidogo ya Bombambili, na punde vijana kutoka Lusewa na Maposeni wakaanza kutafuta kazi, kisha vyumba. Majirani zangu wakang'oa mahindi wakajenga nyumba za kupangisha. Palipokuwa na mashamba pakaota saluni, mabanda ya chipsi na bodaboda za kupiga honi usiku kucha. Siwalaumu, kila mtu na tumbo lake. Lakini shamba tulilong'oa visiki mimi na marehemu mume wangu sikuliuza, wala sikulijenga.

Jumatatu akaja mtendaji wa mtaa, kijana Ramson, na nyuma yake mgambo Hironimus kabeba fyekeo.

"Shikamoo, mama Kunegunda."

"Marahaba. Hilo fyekeo la nini?"

"Tulishakuonya, mama. Hapa sasa ni mjini. Mazao marefu hayaruhusiwi, yanaficha vibaka."

Nilicheka kwa hasira. "Na kiwanda kile kinasaga nini, mwanangu? Matofali?"

Akamgeukia Hironimus, akamwamuru aanze kufyeka.

Hironimus akayatazama mahindi. Yalikuwa ndiyo kwanza yamebeba, ndevu zake bado mbichi. Mtoto wa mkulima yule, akalaza fyekeo chini.

"Bosi, mahindi yaliyobeba mimi sikati. Tusubiri yakomae."

"Sheria haisubiri!" Ramson akaliokota mwenyewe, akapiga shina la kwanza. Likaanguka na hindi lake changa, kama mama na mtoto mgongoni.

Niliumia, nisikudanganye. Wasichana wa kiwandani waliokuwa wakitoka zamu, unga bado kwenye nywele, wakasimama njiani kutazama.

Nikavua kandambili, nikaingia shambani, nikasimama palepale shina lilipokuwa.

"Umesema mnakata virefu," nikamwambia. "Mimi nami ni mrefu, na nimeota hapa kabla ya kiwanda chenu. Haya, anza na mimi."

Ramson akabaki na fyekeo mkononi asijue alipeleke wapi. Akawatazama wale wasichana, akamtazama Hironimus, ambaye alikuwa anaangalia miguu yake.

"Tutarudi, mama."

"Karibuni. Mtanikuta napalilia."