Nyumba Iliuzwa, Mianzi Haikuuzwa

Karani Timotheo aliirudisha leseni mbele ya Bi Mwanakhamisi bila kuipiga muhuri.

"Mwaka huu imegoma, mama. Una mashtaka."

Mwanakhamisi alidhani hakusikia vizuri. Tangu mumewe Halfani afariki, yeye ndiye aliyekuwa dalali wa nyumba na viwanja pale Iringa mjini. Kila Januari alikuja bomani kuhuisha leseni, akatoka kabla chai ya makarani haijapoa.

"Mashtaka ya nani?"

"Ya Bwana Bushiri, muuza nguo wa Mbeya. Anasema ulimuuzia nyumba yenye kilabu cha pombe uani."

Foleni nzima ikacheka. "Bibi wa swala tano, kumbe ana kilabu!" mtu mmoja akasema kwa nyuma. "Tukaribishe basi!"

Timotheo hakucheka. Aliinuka, akamletea kiti chake mwenyewe, yeye akabaki amesimama, kisha akainama na kusema taratibu, "Bwana Shauri, mkubwa wetu hapa bomani, hasaini mpaka mlalamikaji aje hapa mwenyewe aseme ameridhika. Mwezi huu ukiisha bila saini, jina lako linafutwa. Nenda ukatengeneze, mama. Karatasi zako nitaziweka juu ya zote, zisizame."

Mwanakhamisi alikaa kwenye kiti kile. Jina likifutwa, kazi imekwisha. Shemeji yake Selemani kule Chunya alikwisha kumwandalia chumba. "Udalali ni kazi ya wanaume," alikuwa akimwambia kila Idi. "Njoo ukae nasi, upumzike." Hakuwa mtu mbaya, Selemani. Lakini Mwanakhamisi alizoea kula jasho lake, na jioni alipofunga mlango alijua ni mlango wake. Akafunga ushungi vizuri, akamshukuru karani kwa kiti, akatoka kwenye mvua kuelekea Kihesa, kwenye nyumba aliyomuuzia Bushiri.

Kudra, mke wa Bushiri aliyekaa hapo mumewe akiwa dukani Mbeya, alimpokea kwa mikono miwili. Hakuhitaji kumweleza lolote, kwa maana uani kila kitu kilionekana. Kichaka cha mianzi kilichosimama nyuma ya jiko kilikuwa kimekatwa ncha zake changa, na kwenye kila ncha palining'inizwa kikombe cha mwanzi, ulanzi, pombe ya mianzi, ukidondoka humo tone kwa tone. Katikati ya kichaka alikuwamo Danieli, aliyeiuza nyumba hiyo, kisu mkononi.

"Kamwene, mama," akasalimu, kana kwamba hakuna jambo.

"Danieli! Nyumba si uliuza?"

"Niliuza."

"Sasa hapa unafanya nini?"

"Nagema."

Mwanakhamisi alishika kiuno. Nyumba ile waliiuza Agosti, wakati wa kiangazi, na aliiuza kwa desturi aliyoachiwa na Halfani. Muuzaji, mnunuzi na majirani huzunguka mipaka pamoja, dalali anagonga kila pembe kwa fimbo, na majirani wanaitikia, "Tumeona." Mianzi wakati ule ilikuwa mikavu, haina tone. Yeye aliiona kama ua wa kuzuia upepo.

"Ulinitazama machoni tukizunguka mipaka," akasema.

"Nilikutazama, mama. Uligonga pembe zote. Ulisema nyumba hii na kiwanja hiki. Mianzi hukutaja."

"Mianzi si imo kiwanjani?"

"Na kuku wa jirani akiingia kiwanjani kwako, ni wako?" Danieli alishuka, akafuta kisu kwenye suruali. "Mianzi hii aliipanda baba. Dada zangu wana sehemu, mdogo wangu ana sehemu. Mimi peke yangu nitauzaje ulanzi wa ukoo? Hapa kwetu kila mtu anajua hivyo."

"Mimi sikujua."

"Nilidhani unajua. Umekaa na sisi siku nyingi, mama."

Maneno hayo hayakusemwa kwa dharau, ndiyo maana yalimwingia. Kwao Bagamoyo, alikozaliwa bibi yake, nyumba huweza kuwa ya mtu mmoja, kiwanja cha mwingine, na mnazi ulio mlangoni wa mtu wa tatu, naye akija kuukwea hakuna anayemwita mwizi. Dalali wa pwani asingethubutu kuuza nyumba bila kuulizia minazi. Yeye alikuja kwenye mianzi ya watu akaona ua tu. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Kudra alimvuta jikoni, akamwonyesha mfereji uliochimbwa kando ya ukuta. "Mvua kubwa ilipokuja, maji yaliingia mpaka mafigani. Nilikuwa peke yangu. Danieli alishuka mwanzini, akachimba huu mpaka jasho likamchuruzika, wala hakutaka hata chai. Asubuhi akija hukohoa kule mbali nipate kujifunika. Ila mume wangu alipokuja alimkuta na wenzake wawili wanaonja hapa uani. Akapandisha hasira, hakutaka kusikia mtu. Akaenda bomani, akapanda basi akarudi Mbeya."

Mwanakhamisi alirudi uani akiwa na shauri. Alikuwa na bustani yake bondeni, karibu na maji, anapolima mboga. "Chimba mashina, Danieli, uyahamishie kwangu kabla mvua haijakatika. Nusu ya bustani ni yenu, nitakuandikishia mbele ya majirani."

"Mwanzi ukihamishwa hununa, mama. Miaka inapita ndiyo unatoa."

"Basi mpaka ule wa kule uache kununa, utagema hapa. Lakini utaingia kwa nyuma, peke yako, na kunywa ni kwenu."

Danieli alijikuna shingo. "Dada zangu nitawaweza. Huyo Bwana Bushiri je?"

"Huyo niachie mimi."

Barabara ya Mbeya ilikuwa uji. Basi lilinasa kabla ya Igawa, abiria wote wakashuka, na Mwanakhamisi akasukuma pamoja nao ingawa waliambiwa wazee wakae pembeni. Alipopanda tena, tope likiwa limempaka mpaka kiunoni, mama mmoja wa Kisangu asiyemjua alifungua fundo lake akampa kitenge kikavu. "Utanirudishia ahera," akasema, wakacheka wote wawili. Huyo mama alishuka Chimala, na jina lake Mwanakhamisi hakulipata, ila kila alipokivaa kitenge kile alimwombea.

Mbeya alimkuta Bushiri dukani akipima kaniki.

"Alaa! Dalali wa pombe! Umeniletea kibuyu?"

"Nimekuletea salamu za mkeo."

"Zimefika." Akamgeukia mteja.

Mwanakhamisi akaketi juu ya robota la nguo. Bushiri akauza, akakunja, akauza tena, akijifanya hamwoni. Adhuhuri Mwanakhamisi alikwenda kuswali, akarudi akaketi palepale. Alasiri vivyo hivyo. Wateja walianza kumwuliza yeye bei, naye akawajibu kwa upole, "Mwulizeni mwenyewe, mimi ni mgeni wake." Mwishowe Bushiri akatupa futi mezani.

"Haya, unataka nini? Niseme nimeridhika? Nitumie mtu akaseme, uondoke dukani kwangu?"

"Sitaki hilo."

"Hutaki?"

"Ukisema umeridhika nawe hujaridhika, leseni hiyo nitaifanyia kazi gani? Nyumba inayofuata nitamwuzia nani? Nataka uje Iringa tuzunguke mipaka upya, pamoja na mianzi yake. Kosa ni langu, sikuuliza mianzi ni ya nani. Danieli hakukuibia." Akamweleza habari ya bustani, mlango wa nyuma, na miaka ya kungojea. Kisha akamweleza habari ya mfereji.

Bushiri alimgeukia. "Mbona Kudra hakuniambia?"

"Ulimpa nafasi?"

Akaokota futi lake, akalikunja polepole. Kisha alimwita mwuza kahawa, akamwagizia mgeni vikombe viwili na kashata, na wakati wa kufunga duka akauliza kwa sauti kavu basi la asubuhi huondoka saa ngapi.

Mipaka waliizunguka chini ya mvua. Dada zake Danieli walikuja wamejifunika majani ya migomba, majirani wakaja, Kudra akasimama barazani. Mwanakhamisi alipogonga fimbo kwenye kichaka akasema, "Mianzi hii ni ya ukoo wa Danieli, inangoja kuhamia bondeni," Bushiri akadakia:

"Na wakija wanywaji?"

"Uwafukuze," akasema dada mkubwa. "Na ukishindwa utuite. Sisi nasi tumewachoka."

Majirani walicheka kwanza, ndipo wakaitikia, "Tumeona." Bushiri hakucheka. Alikwenda kuutazama ule mfereji, akaukanyaga kingoni kuona kama ni imara, kisha akarudi akampa Danieli mkono.

Mwezi ulikuwa haujaisha bado walipofika bomani. Timotheo alizitoa karatasi pale juu alipoahidi kuziweka, akachovya kalamu.

"Bwana Bushiri, umeridhika?"

"Nimeridhika," Bushiri alisema akitazama dirishani. "Lakini andika pia kwamba sijamsamehe huyu mama. Miaka nitakaa na harufu ya ulanzi jikoni kwangu!"

"Boma halina sehemu ya kusamehe," Timotheo akamjibu. "Kuridhika kunatosha."

Akaingia kwa Bwana Shauri, akatoka na saini, akapiga muhuri. Mwanakhamisi alipuliza wino mpaka ukakauka, akaikunja leseni ndani ya kitenge, akamwambia Bushiri ampishe. Nje palikuwa na mtu anayetafuta nyumba.